Habari za Mafundisho ya Umeme, Tangu Karakana ya Reli Hata Leo

Katika kitabu cha jubilii desturi ni kuandika habari za majengo na za watu walioyajenga. Sisi tumepewa kurasa hizi chache tuandike habari za namna nyingine, yaani jinsi kazi ya umeme ilivyofundishwa katika nchi yetu, na jinsi mafundisho hayo yalivyobaki nyuma ya mitambo yenyewe mara kwa mara. Twaandika tukiwa hapa Kisarawe, juu ya vilima vya Pugu, na mahali hapa pafaa kwa habari hizi. Reli ya kati ya Wadachi ilipita katika vilima hivi, na reli mpya inayokwenda kwa umeme nayo yapita katika vilima hivi hivi. Na kati ya reli hizo mbili imepita miaka zaidi ya mia.

Reli ya kwanza ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907. Gari lake lilikwenda kwa moto wa kuni na makaa, wala halikuhitaji umeme. Lakini karakana za kutengenezea magari hayo zilihitaji nguvu ya kuzungusha mashine, na hivyo mwaka 1908 serikali ya Wadachi ikaweka mtambo wa umeme Dar es Salaam. Umeme ule ulitumika katika karakana za reli na katika sehemu ya mji walimokaa wakubwa wa serikali. Basi, mtu akituuliza umeme ulianzaje katika bara hili, twamjibu kwamba ulianza kama mtumishi wa reli. Watu wa vilima hivi hawakuuonja. Aliyesimama kilimani usiku aliweza kuona kwa mbali mwanga wa mji wa pwani, kisha akarudi nyumbani kwake kuwasha koroboi.

Je, nani aliyefundishwa kuutunza umeme ule? Wadachi walikuwa na shule ya serikali Tanga iliyofundisha kazi za mikono pamoja na kusoma, na kazi zilizojulikana sana katika shule ile zilikuwa useremala na uchapaji. Umeme ulijifunzwa kwa macho. Kijana aliajiriwa kubeba vyombo vya fundi, akashika ngazi, akavuta waya, akatazama. Na baada ya miaka kadhaa mikono yake ikajua yale ambayo hakuna aliyemweleza sababu yake. Njia hiyo tusiidharau. Imetoa mafundi hodari ambao hata leo twawaona mitaani. Lakini ina upungufu mmoja mkubwa: ajifunzaye kwa macho hujua mashine ile aliyoiona, na ikiletwa mashine nyingine hana budi kuanza upya.

Waingereza walipoishika nchi, idara ya serikali ilichukua mitambo iliyoachwa na Wadachi na kuiendesha tangu mwaka 1920. Mwaka 1931 serikali ikaikabidhi kwa makampuni mawili: TANESCO, iliyoandikishwa mwezi wa Novemba mwaka huo, na DARESCO, iliyohudumia Dar es Salaam na viunga vyake. Katika miaka ile ya 1930 maji ya maporomoko ya Pangani yakaanza kutumika kufua umeme kwa ajili ya Tanga na mashamba ya mkonge. Mwaka 1925, miaka michache kabla ya hayo, chuo cha Kiungani kilikuwa kimehamishwa kutoka Unguja kuja Minaki, karibu nasi hapa, nacho kikawa chuo mashuhuri cha kutoa walimu. Twakitaja chuo hicho kwa sababu chaonyesha jinsi mawazo ya siku zile yalivyokuwa. Kijana Mwafrika aliyefaulu masomo alitazamiwa kuwa mwalimu, au karani, au mganga msaidizi. Umeme ulihesabiwa kazi ya Mzungu, na baada yake kazi ya Mhindi. Mwafrika alikuwa mpanda nguzo. Kwa hiyo ilipita miaka zaidi ya arobaini tangu taa ya kwanza kuwaka, na bado hapakuwa na darasa la kumfundisha mwenyeji kwa nini iliwaka.

Mwanzo wa miaka ya 1950 ilifunguliwa shule ya ufundi ya Ifunda, na baadaye ile ya Moshi. Mwaka 1957 ukafunguliwa Dar es Salaam mahali pa kufundishia ufundi wa juu zaidi, palipokuja kuitwa Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, na tangu mwaka 1997 ni Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambayo watu huiita DIT. Hapo ndipo lilipoanzia jina tunalolitumia sote, fundi sanifu. Kijana alimaliza kidato cha nne, akasoma miaka mitatu, akatoka na cheti cha fundi sanifu. Aliyekuwa chini yake, afanyaye kazi kwa mikono, aliitwa fundi mchundo. Na aliyekuwa juu yake, achoraye na kukadiria, aliitwa mhandisi. Wahandisi hatukuwa na mahali pa kuwafundishia nchini. Walikwenda Nairobi, au Ulaya, hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973 kwa msaada wa Wajerumani. Wa kwanza walimaliza mwaka 1977.

Hapa twaomba msomaji aangalie tarehe. Mtambo wa maji wa Hale ulianza kazi mwaka 1964. Nyumba ya Mungu ukafuata mwaka 1968. Kidatu, mtambo mkubwa kupita yote ya siku zile, ulianza mwaka 1975, na umeme wake ukasafirishwa kwa njia ya kilovoti 220 kupitia Morogoro na nchi hii yetu ya Pwani hata Ubungo. Maana yake ni kwamba Kidatu ilipowashwa, mhandisi wa kwanza wa chuo chetu wenyewe alikuwa bado darasani na miaka miwili mbele yake. Wageni walijenga, wageni wakawasha, na watu wetu wakajifunza wakiwa nyuma ya mabega yao. Hatusemi haya kwa kulaumu. Nchi iliyopata uhuru mwaka 1961 haikuweza kungoja vyuo vikomae ndipo iwashe taa.

Upande wa Kibaha mambo yalikwenda kwa namna yake. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika ilipatana na nchi nne za kaskazini ya Ulaya, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, kuanzisha mahali pamoja penye shule, hospitali na mafunzo ya kilimo. Kazi ikaanza mwaka 1963, na mwezi wa Januari 1970 mradi ukakabidhiwa kwa Tanzania, ukaitwa Shirika la Elimu Kibaha. Baadaye, vyuo vya maendeleo ya wananchi vilipoanzishwa nchini tangu mwaka 1975, Kibaha nayo ikawa na chuo chake. Vyuo vya namna hiyo vimefundisha watu wengi wa vijijini kufunga umeme wa majumbani, watu ambao wasingalipata nafasi Dar es Salaam. Twaona vema lisemwe hapa, kwa sababu waandikao habari za elimu ya umeme hutaja chuo kikuu na kusahau darasa la kijiji.

Katika miaka ile ya 1960 na 1970 masomo na kazi zilipatana, na sababu yake ni nyepesi: mwajiri alikuwa kama mmoja. Serikali ilinunua hisa za DARESCO mwaka 1964. Mwaka 1968 TANESCO ikabadili jina kuwa la Tanzania. Na mwaka 1975 hisa zote zikawa mikononi mwa serikali. Viwanda navyo vilikuwa vya umma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa Ubungo mwaka 1968, kilikuwa na mota na masanduku ya swichi ya namna ile ile iliyokuwa katika karakana ya chuo. Mwalimu alijua mwanafunzi wake atakwenda wapi. Akiona jambo limebadilika kiwandani, alibadili somo lake wiki ile ile, bila kamati.

Kisha zikaja siku ngumu. Katika miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikosekana, viwanda vingi vikazorota, na vyuo vikakaa bila vyombo vipya. Chombo kilichoharibika kilifunikwa kwa turubai kikawekwa pembeni. Hata katika miaka ya 1990, fundi sanifu aliweza kumaliza miaka yake mitatu kwa mashine zilizoletwa kabla hajazaliwa. Na huko nje dunia haikungoja. Rilei, yaani chombo kile kinachohisi hatari na kuamuru umeme ukatwe, ilikuwa zamani kitu cha koili na sahani inayozunguka, ambacho mwanafunzi aliweza kukifungua na kukiona kikifanya kazi. Sasa ikawa kijisanduku chenye kompyuta ndani yake. Haionekani ikizunguka, huandikiwa maagizo kwa tarakimu. Mwalimu aliyejifunza ile ya sahani alifundisha ile ya sahani, naye alifundisha vizuri. Ila vituo vya kupozea umeme vilikuwa vimekwisha kuanza kuiondoa.

Ukame ukaongeza haraka. Nchi ilikuwa imetegemea maji, na mvua zilipopungua mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tena mwaka 2006, watu wakajifunza neno mgao. Serikali ikageukia gesi. Gesi ya Songo Songo ilianza kufua umeme Ubungo mwaka 2004. Mwaka 2015 bomba la kutoka Mtwara likafika Kinyerezi, ng'ambo tu ya vilima vyetu, na mitambo ikajengwa hapo: wa kwanza wa megawati 150, na wa pili wa megawati 240, uliozinduliwa mwaka 2018. Mtambo huo wa pili una hila nzuri. Gesi huzungusha mashine ya kwanza, kisha joto linalotoka, badala ya kupotea hewani, huchemsha maji, na mvuke wake huzungusha mashine nyingine. Fundi aliyefundishwa juu ya bwawa na lango la maji hukuta hapo elimu ya moto, ya mvuke na ya kompyuta, zote katika jengo moja.

Lakini wakati ule ule vyuo navyo vilikuwa vimeanza kuamshwa. Sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA isimamie mafunzo ya ufundi stadi. Na mwaka 1997 likaundwa Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi, ambalo siku hizi husimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi pamoja. Hapo yakaingia mafundisho ya umahiri. Hapo zamani mwanafunzi aliulizwa ajua nini; sasa mtaala wauliza aweza kufanya nini. Haitoshi aandike maelezo ya mota ya fezi tatu. Sharti aifunge, aiwashe, aigeuze izunguke upande wa pili, na ikikataa aeleze imekataa kwa nini. Sheria zikaongezeka kwa upande wa kazi pia. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ilichukua mahali pa sheria ya zamani ya Waingereza, na EWURA ikawa yatoa leseni kwa mafundi kwa madaraja mbalimbali, kwa kadiri ya elimu na uzoefu wao, ili nguvu kubwa za umeme zisiguswe na kila mwenye bisibisi.

Mageuzi hayo yalikuwa mema, na twayasifu. Walakini yalikuwa na kasoro ambayo twaiona mpaka leo. Karatasi ni rahisi kubadilishwa kuliko karakana. Mtaala mpya waweza kuandikwa katika hoteli kwa siku tano. Benchi la kufundishia rilei za kisasa lahitaji fedha nyingi, na mtu wa kulitunza, na mwalimu aliyekwisha kuliona likifanya kazi mahali pengine. Kwa hiyo palitokea vyuo vilivyokuwa na mtaala wa mwaka huu na waya wa mwaka wa zamani.

Neno hilo la waya tumelisema kwa makusudi, nasi tutalieleza kwa urefu kwa sababu limegusa mwili wa mtu wetu. Kwa miaka mingi nchi yetu ilifuata rangi za Kiingereza. Katika nyumba, waya mwekundu ulikuwa wenye moto, na mweusi ulikuwa nyutro. Penye fezi tatu palikuwa na mwekundu, wa manjano na wa buluu, na nyutro ikabaki nyeusi. Kisha Uingereza yenyewe ikabadili mwaka 2004, ipatane na nchi nyingine za Ulaya, na nyaya za rangi mpya zikaenea madukani hata kwetu. Katika rangi mpya, fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu. Nyutro ni buluu. Msomaji aangalie hatari yake. Nyeusi, iliyokuwa nyutro, imekuwa fezi. Na buluu, iliyokuwa fezi, imekuwa nyutro. Kama rangi zote zingalikuwa ngeni, fundi angalisimama akauliza. Lakini rangi mbili ni zile zile zilizobadilishana maana, na hakuna mtego mbaya kuliko huo.

Kijana wetu mmoja wa upande wa Maneromango alisoma umeme katika chuo ambacho hatutakitaja, akapata cheti chake, nasi tulifurahi pamoja na wazazi wake. Karakana ya chuo kile ilikuwa na mabunda ya waya wa zamani, na ubao wa mazoezi uliofungwa kwa rangi za zamani, naye alifunga na kufungua ubao huo mpaka mikono yake ikaujua hata gizani. Mwaka uliofuata fundi mmoja alimwita amsaidie kufunga mashine ya kukobolea katika banda lenye fezi tatu. Kijana akaona waya mweusi, akaushika kama alivyoushika mara mia chuoni. Ulimtupa. Alipona, namshukuru aliyekuwa karibu na swichi kubwa akaikata upesi. Lakini mkono wa kuume uliungua, na vidole viwili havikunjiki sawasawa mpaka leo. Wazee wa kazi watasema, nao wasema kweli, kwamba alipaswa kupima kwanza kwa tesita kabla ya kugusa, hata kama rangi ingalikuwa ya dhahabu. Yeye mwenyewe hulikubali. Lakini kuna na neno la pili: alifanya alivyofundishwa, na alichofundishwa kilikuwa kimekwisha kuwa uongo.

Tangu siku ile sisi hatuwezi kuliona jambo la kupyaisha masomo kama shauri la waheshimiwa wa ofisini peke yao.

Sasa tuje kwenye reli ya pili. Mwezi wa Juni mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwezi wa Agosti safari za mpaka Dodoma zikazinduliwa rasmi. Yapita Pugu, yapita Soga na Ruvu katika nchi ya Kibaha. Juu yake kuna waya wenye kilovoti 25, na kuilisha reli hiyo ilijengwa njia ya kilovoti 220 kutoka Kinyerezi hata Kingolwira karibu na Morogoro. Umeme ulioanza mwaka 1908 kwa kutumikia karakana ya reli umeishia kulivuta gari lenyewe.

Kwa mafundisho, treni hiyo ni mtihani mpya kabisa. Umeme wa gridi hutembea kwa fezi tatu zilizo sawa kama mafiga matatu. Treni hutumia moja kwa mahali pamoja. Mafiga yakipata mzigo upande mmoja, chungu huinama. Kwa hiyo wahandisi hugawanya sehemu za reli ili kila fezi ipate zamu yake, na ufundi wa kugawanya huko una hesabu zake. Tena treni ya namna hii iteremkapo na kufunga breki, mota zake huweza kugeuka jenereta na kurudisha umeme juu ya waya. Haya yote hayakuwamo katika daftari la fundi sanifu wa mwaka 1990, wala hayakupaswa kuwamo. Swali letu ni kama yamo katika daftari la leo.

Na kusini kwetu, katika mto Rufiji, limejengwa Bwawa la Julius Nyerere. Mkataba wake na makampuni ya Misri ulitiwa sahihi mwezi wa Desemba 2018. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022. Mtambo wa kwanza kati ya tisa ukaanza kazi Februari 2024, na mwaka 2025 yote tisa ilikuwa imekamilika. Kila mmoja ni megawati 235, jumla megawati 2,115. Kidatu, iliyoonekana jitu mwaka 1975, yote pamoja ni megawati 204. Yaani mtambo mmoja tu wa Rufiji waipita. Umeme huo hutoka kwa njia ya kilovoti 400 mpaka Chalinze. Katika njia kubwa za siku hizi, waya ule wa juu kabisa, uliowekwa kuzuia radi, una nyuzi nyembamba za kioo ndani yake zipitishazo habari. Hivyo kituo huongea na kituo kwa nukta moja, na mtu aliye mbali hufungua na kufunga swichi bila kunyanyuka kitini. Fundi wa njia kubwa hana budi kujua habari za mawasiliano kama ajuavyo habari za nguzo.

Nguvu nyingi huleta na hatari nyingi. Usiku wa manane kuamkia tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya Taifa iliingia hitilafu, na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani. Mambo kama hayo hutokea hata katika nchi tajiri. Lakini huonyesha ni wapi elimu yahitajika kwanza: katika ulinzi wa mitambo, katika kile kijisanduku kilichochukua mahali pa sahani ya kuzunguka. Hata mita ya nyumbani imekuwa mambo ya kompyuta. Mwaka 2024 mita za LUKU zilipaswa kuingizwa tarakimu maalumu kabla ya tarehe 24 Novemba, la sivyo zisingeweza kupokea umeme ulionunuliwa baada ya hapo. Na mafundi wengi wa mitaani waliitwa kusaidia wazee ambao hawakuelewa, nao wenyewe wakawa wanasoma maagizo mara ya kwanza.

Je, vyuo vimefanya nini? Vimefanya mengi, tusiseme uongo. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978, kilipewa mtambo wa zamani wa maji wa Kikuletwa, katika wilaya ya Hai, nacho kikaufanya mahali pa kufundishia umeme wa maji, wa jua na wa upepo. Na mahali hapo pakachaguliwa katika mradi wa Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2019 wa kuvipa nguvu vyuo vya ufundi. Sisi twapenda sana shauri hilo la kufanya mtambo mzee kuwa darasa. Mwanafunzi huona chuma halisi na maji halisi, na akikosea husikia mlio wake. VETA nayo, ikisaidiwa na chama cha mafundi wa Hamburg, ilijaribu mafunzo ya pande mbili, ambayo mwanafunzi hukaa majuma kadhaa chuoni na majuma kadhaa kiwandani, kwa zamu, mpaka amalize. Na tangu mwaka 2021 vyuo vikuu vya serikali vimekuwa katika mradi mkubwa wa mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 425, ambao sehemu ya kazi yake ni kupitia mitaala upya pamoja na wenye viwanda.

Pamoja na wenye viwanda: hilo ndilo neno gumu. Kiwanda cha zamani kilikuwa cha umma na mwajiri alikuwa kama mmoja. Leo Pwani ina viwanda vingi, vya wenyeji na vya wageni, na kila kimoja chatumia mashine ya nchi yake. Kwala, katika nchi ya Kibaha, ilizinduliwa bandari kavu tarehe 31 Julai 2025, na eneo la viwanda lajengwa karibu nayo. Mwenye kiwanda akiitwa kwenye kamati ya mtaala hutuma karani wake, au hatumi mtu; kisha baada ya miaka mitatu hulalamika kwamba vijana hawajui kazi. Nasi twasema wazi kwamba lawama si ya chuo peke yake. Aulizwaye ataka nini akanyamaza, asilalamike kwa alichopikiwa.

Tena kuna mafunzo ya vitendo. Kila chuo huwatuma wanafunzi viwandani kwa majuma kadhaa, na kwa karatasi jambo hilo lapendeza. Lakini tumewasikia vijana wetu wengi. Mmoja alipewa kazi ya kuandika majina ya wageni mlangoni. Mwingine alifagia karakana majuma nane, asiruhusiwe kugusa kitu, kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kumwangalia. Kitabu chake cha ripoti kilijaa michoro aliyoinakili kwa mwenzake. Wapo pia waliobahatika kupata fundi mkarimu, na hao huwatambua mara moja wanaporudi, kwa jinsi wanavyoshika koleo.

Na walimu je? Mwalimu wa umeme aliyetoka darasani akaingia darasani, asipite kiwandani hata mwaka mmoja, afundishaje kiwanda? Twaona yafaa kila mwalimu wa ufundi apewe ruhusa kila baada ya miaka michache kwenda kufanya kazi kituoni au kwenye mtambo, alipwe mshahara wake, kisha arudi na mafuta mikononi. Gharama yake ni ndogo kuliko benchi moja la kisasa.

Katika hayo yote hatukubaliani na wale wasemao ya zamani yatupwe. Mashine ya sahani bado ipo katika vituo vingine, waya mwekundu na mweusi bado umo katika kuta za nyumba nyingi za Kariakoo, na kanuni ya Ohm haikubadilishwa na mtu yeyote tangu karne ya kumi na tisa. Fundi wa miaka hii anaishi katika dunia mbili, na mtaala usiomfundisha mojawapo utamdhuru. Afadhali masomo machache ya mapambo yaondolewe, pawe na saa za kutosha kwa yote mawili.

Kuna na shauri la lugha, ambalo kamati hulipita upesi. Vitabu na mitihani ya vyuo vya juu ni Kiingereza. Lakini kituoni, hatari inapokuja, mtu hupiga kelele kwa Kiswahili. Tumeona ni jambo la ajabu kwamba kijana aweza kufaulu mtihani wa usalama kwa lugha moja, na kuonywa kazini kwa lugha nyingine, na maneno ya pande hizo mbili yasikutane. Mafundi wetu wamekwisha kuyatunga maneno yao wenyewe, kufua umeme, kupoza umeme, umeme mdogo na mkubwa. Yafaa vyuo viyaokote na kuyapanga.

Yule kijana wa Maneromango alikaa nyumbani karibu mwaka mzima, akilima mihogo kwa mkono mmoja na nusu. Kisha wazazi wake waliuza korosho zao, akaenda tena chuoni kwa kozi fupi ya umeme wa viwandani. Alituambia kwamba siku ya kwanza mwalimu aliuliza nani ajuaye rangi za waya, naye hakuinua mkono. Siku hizi ana kazi katika kiwanda kimoja upande wa Kibaha, na kila mwaka huletewa wanafunzi wa mafunzo ya vitendo. Hakuna anayefagia. Katika mfuko wake wa vyombo ana vipande viwili vya waya mweusi, kimoja alichokikata katika nyumba ya zamani na kingine alichokinunua dukani, virefu sawa, visivyotofautika kwa macho. Huviweka mezani mbele ya mgeni asubuhi ya kwanza, akampa tesita, akamwambia achague atashika kipi.